Nilienda na futikamba kwenye nyumba ya Mjerumani

Najua nimepotea humu karibu mwezi mzima, msinune, ulikuwa msimu wa sare za shule na mimi sare ndo hela yangu ya mwaka, cherehani haikupoa tangu Krismasi. Ila leo lazima niandike maana hii safari ya juzi nimeisimulia kwa watu wanne na kila ninayemsimulia anacheka sehemu tofauti.

Ilianza hivi, mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha pili, mwalimu wao wa historia akawaambia kila mmoja achague jengo la zamani hapa mjini, aingie ndani, aandike alichokiona na picha aweke. Baba yake yuko Mwaloni Kirumba na dagaa zake kuanzia alfajiri, hana muda, basi dogo akaja kwangu na daftari. "Shangazi, twende wote." Nikamwambia we mtoto unaniona hivi nilivyo, akasema ndiyo shangazi nakuona, twende. Nikakosa la kujibu.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni fundi cherehani, natumia kiti mwendo mwaka wa nane sasa, bodaboda ndo ilinifikisha hapa. Kabla ya ajali nilikuwa naishi Mabatini kule juu kabisa kwenye mawe, mnaoijua mnaijua, unapanda kwa miguu mpaka unaona mji wote na ziwa unaliona bure, na kodi rahisi. Baada ya hospitali kaka zangu walinibeba kunipandisha nyumbani, na nikakaa ndani miezi mitatu bila kushuka, kwa sababu kushuka ni mradi. Watu wa mikoani huwa wanasifia Mwanza mji wa mawe, Jiji la Miamba, picha nzuri sijui nini, mimi jiwe siku hizi naliangalia kwa jicho la fundi anayeangalia kitambaa kilichokatwa vibaya. Mwishowe nikahamia Buzuruga chumba cha chini, sebuleni ndo kiwanda. Cherehani yangu nimeifunga mota, na pedali badala ya kukaa sakafuni iko juu ya meza, naikandamiza kwa kiwiko cha kulia. Wateja wapya huwa wanaitafuta chini ya meza, wanainama kabisa.

Haya. Dogo alikuja na majina matatu. La kwanza mnara wa saa pale katikati ya mji, nikasema huo tunapita tu, unasoma kile kibao kinachomtaja Speke, yule msafiri Mwingereza wa zamani, basi, umemaliza, hakuna cha kuingia. La pili jiwe la Bismarck, nikamwambia baba hilo ni jiwe, mwalimu kasema jengo. La tatu ni nyumba moja ya enzi za Wajerumani juu ya kilima, imegeuzwa ofisi na sehemu kidogo wameacha kwa ajili ya watu kuja kuangalia. Jina silitaji, kwa sababu yule mzee mlinzi alitutendea wema na sitaki mtu akamuulize kwa nini alifanya alichofanya.

Sasa kabla ya kwenda popote mimi napiga simu kwanza. Nimejifunza kwa machozi. Nikapata namba, nikampigia kijana wa ofisini.

"Habari kaka, naulizia, hapo mlangoni kuna ngazi?"

"Zipo kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Chache tu dada. Kwani vipi?"

"Natumia kiti mwendo."

"Aaah! Usijali dada, we njoo, tutakubeba."

Hilo neno tutakubeba nimeshalisikia kanisani, benki, kwenye harusi, kwenye semina ya watu wenye ulemavu (naapa, ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili). Na anayelisema hana ubaya hata kidogo, analitoa moyoni kabisa, ndo maana linakuwa gumu kulijibu. Ukikasirika unaonekana huna shukrani. Ila jamani kanuni yangu mpya, nawapa bure wenye shida kama yangu: usiulize kama kuna ngazi, omba picha ya mlango kwa WhatsApp. "Chache" ya mtu mwenye miguu haina idadi.

Picha hakutuma, bando limekata. Tukaenda hivyo hivyo Jumamosi asubuhi.

Bajaji ya kwanza ilitukataa ikidai kiti hakitaingia, ya pili ikasema kiti ni abiria kwa hiyo kinalipiwa, dogo akamuuliza kwa upole kabisa kama kiti kikilipiwa kitapewa na siti yake, dereva akacheka akakikunja mwenyewe akakiweka nyuma yangu. Ukitoa vile vya kukanyagia miguu kinakaa vizuri tu. Usiku ule sikunywa maji na asubuhi sikugusa chai. Wenzangu wanaelewa kwa nini, kwa wengine nitafafanua mbele.

Bajaji ilipanda mpaka ilipochoka, hatua kama themanini za mwisho ni moramu na mawe yaliyochomoza, vigurudumu vya mbele vya kiti changu ni vidogo, vikikutana na jiwe la ukubwa wa limao vinasimama dede na mimi naendelea mbele. Kwenye njia kama hiyo unageuzwa, unavutwa kinyumenyume, magurudumu makubwa yanatangulia. Dogo alikuwa anajua, nimemfundisha. Wakatokea vijana wawili wamekaa chini ya mwembe wakaja kusaidia bila kuitwa, mmoja akasema "Sisi ni Wasukuma, kazi yetu kusukuma." Huo utani nimeusikia mara mia tano na bado nacheka, japo bibi yangu alikuwa anakasirika, anakwambia Sukuma ni kaskazini, Wanyamwezi ndo walituita hivyo kwa sababu tuko kaskazini kwao, haihusiani na kusukuma mikokoteni.

Tukafika. Ngazi za mbele, za mawe, pana na nzuri hasa. Zile chache ni saba.

Kwenye pochi yangu futikamba haikosekani, na chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, na kifutio cha chaki, ni kama wenzangu wanavyobeba lipstiki. Nikamwambia dogo shika huku, nyoosha mpaka chini. Sentimita 17. Ya pili 17. Zote saba 17, hakuna iliyopishana hata nusu, yaani aliyejenga alikuwa na mkono wa fundi, nikamheshimu. Nikamwambia zidisha. Saba mara 17 ni 119. Haya, rampu ambayo mtu anaweza kuipanda mwenyewe kwa mikono inatakiwa kwa kila sentimita moja ya kupanda iwe na sentimita 12 za kwenda mbele, hicho ndo kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani. 119 mara 12. Dogo akatoa simu: 1,428. Mita 14 na ushee, na hapo katikati unahitaji sehemu bapa ya kupumzika. Akaangalia ua ulivyo akasema shangazi rampu itafika kwenye mwembe. Nikamwambia andika hiyo, ndo historia yenyewe.

Yule kijana wa simu akatoka, mchangamfu, shati limenyooka, na wenzake wawili, "dada karibu sana, si nilikwambia, tunakubeba." Na mlinzi, mzee wa Kisukuma wa makamo ya baba yangu, kofia ya pama. Nikamwamkia shikamoo baba, akaitika marahaba mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akasimama pembeni anaangalia tu mikono ya wale vijana.

Naomba niseme kitu kuhusu kubeba kiti, kwa sababu ipo siku utakutana na mtu kama mimi na utataka kusaidia. Usishike sehemu ya kuwekea mikono. Ile inachomoka! Imetengenezwa ichomoke ili mtu ahamie kitandani. Kijana mmoja aliishika hiyo, akanyanyua, akabaki nayo mkononi kama mkia wa mjusi, na mimi nikalala upande mmoja ngazi ya tatu, moyo ukanishuka mpaka kwenye viatu. Yule mzee alikuwa ameshadaka fremu kabla sijapiga kelele. Ndo maana alikuwa anaangalia mikono. Unashika vishikio vya nyuma na fremu ya mbele ile ya chuma karibu na miguu, kiti kinageuzwa mgongo uelekee ngazi, kinalazwa kidogo nyuma, na kinapandishwa ngazi moja moja kwa magurudumu makubwa, watu wawili wanatosha. Na muulize mwenye kiti kwanza. Tunajua.

Nikafika juu jasho linanitoka kana kwamba mimi ndo nimebeba.

Sasa mlango. Mlango wa mbao ngumu wa mabawa mawili, mrefu, na bawa moja tu ndo liko wazi. Kiti changu kina upana wa sentimita 63, nimekipima siku niliyopewa kama ninavyompima bibi harusi. Bawa lililo wazi: 58. Wale vijana wakaanza "tumtoe kwenye kiti, tumweke kwenye hiki cha plastiki." Nikauliza kwani bawa la pili halifunguki? Kijana wa ofisini akasema hilo tangu aajiriwe hajawahi kuliona limefunguliwa, akadhani ni pambo. Mzee akasema linafunguka. Ila komeo la juu limeshika kutu, amewahi kulijaribu akaogopa kulivunja akaambiwa alipe.

Nikafungua pochi nikatoa mafuta ya cherehani.

Dogo akapanda kwenye hicho hicho kiti cha plastiki, akadondosha matone juu, mzee akadondosha chini, tukasubiri. Mzee akaanza kuligonga na kisigino cha panga, taratibu, huku na huku, kama mtu anayemwamsha mtoto. Likatoa kutu ya rangi ya ugoro. Likalia. Likateremka. Akasukuma bawa, na lile vumbi la miaka likatushukia wote, na mlango ukawa mpana sentimita 116. Mia moja na kumi na sita! Ningeingia na cherehani ubavuni. Aliyejenga alitaka kupitisha makabati na masanduku yake, akaacha mlango wa kutosha, halafu waliokuja baadaye wakafunga nusu wakasahau kwamba ni nusu.

Kizingiti kilibaki, sentimita 8, dogo akaninyanyua magurudumu ya mbele tukavuka.

Ndani kuna ubaridi ambao nyumba zetu za matofali membamba hazina, kuta nene, dari iko juu sana. Chumba cha mbele ni kikubwa, nikatandika futikamba chini yote, sentimita 150, ndo duara ambalo kiti mwendo kinahitaji kugeuka bila kugonga kitu, likaingia, tena mara nne. Ila picha za ukutani wamezitundika kwa mtu aliyesimama, na zina vioo, kwa hiyo mimi pale chini nilikuwa naona taa ya dari ikiniangalia. Dogo akawa ananisomea maelezo. Kwenye moja alikwama kidogo akasema hii haieleweki tuendelee. Sawa.

Kwenye ghorofa kuna ngazi ya mbao, nyembamba, inageuka. Hapo hata sikuuliza. Nikamtuma dogo na simu yangu aende kunichukulia video. Nimeiangalia nyumbani: dakika nne na sekunde kumi, tatu kati ya hizo ni viatu vyake.

Ila nikiwa namsubiri nikaona mlango wa pembeni uko wazi na nje yake ni baraza, na baraza liko sawa na sakafu, hakuna kizingiti wala nini. Baraza linazunguka nyumba pande tatu. Nikatoka. Peke yangu. Hamna aliyenishika, hamna aliyesema pole dada, nikashika magurudumu nikaenda, nikakata kona, nikaenda tena, sakafu ile ya saruji ya zamani iliyosuguliwa na miguu mpaka ikateleza kama sabuni, na mbele yangu ziwa lote. Mabati ya mji, mwewe wanazunguka, kivuko cha Kamanga kinaondoka, Bismarck limesimama pale majini na majiwe yake yaliyobebana. Tangu nihame Mabatini sikuwa nimeliona ziwa kutoka juu. Nilikaa pale sijui muda gani, nikazunguka baraza mara tatu kwa sababu tu naweza. Nikienda kona ile narudi. Kama kuna mtu alikuwa ananiangalia dirishani alidhani nimechanganyikiwa.

Mzee akaja akakaa kwenye ukingo, dogo naye akashuka. Dogo akauliza kama Wajerumani ndo walibeba mawe ya hizo ngazi. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Wabebe wao?" Mjerumani alikuja Mwanza miaka ya 1890, Mwingereza akamtoa Julai 1916, na kila kilichojengwa katikati hapo kilipanda kilimani kwenye vichwa na mabega ya watu wa hapa. Hata wao wenyewe safarini walikuwa wanabebwa kwenye machela.

Hapo nikakumbuka kitu nikamwambia dogo aandike vizuri. Huyo Speke ambaye kibao kiko pale mnara wa saa, aliliona ziwa akiwa huku Isamilo tarehe 3 Agosti 1858, na wakaandika kagundua, wakati mababu zetu walikuwa wanavua humo na jina Nyanza lipo. Miezi michache nyuma yake huyo huyo Speke alifika ziwa Tanganyika macho yake yanaumwa kiasi kwamba hakuliona vizuri. Na mwenzake Burton ambaye ndo alikuwa kiongozi wa msafara miguu ilimgomea kwa magonjwa, karibu mwaka mzima hakuweza kutembea sawasawa, akawa anabebwa kwenye machela, na Speke alivyokuja huku kaskazini Burton alibaki Tabora. Kwa hiyo msafara wote ule maarufu ni mmoja haoni vizuri na mmoja hatembei, na kina Sidi Mubarak Bombay na wapagazi ndo wanaowafikisha. Dogo akasema kumbe Burton ni kama wewe shangazi. Nikamwambia hapana. Burton akisema simameni, wanasimama. Akisema twendeni, wanakwenda. Mimi nikishaingia humu siwezi kutoka kupunga upepo mpaka wale vijana watatu wamalize chai.

Na kweli walikuwa wamekwenda kunywa chai.

Na hapo ndo suala la maji nililoahidi kufafanua. Choo kiko nyuma, ngazi mbili, mlango wa inchi 24 unafungukia ndani. Mtu anakubebaje chooni? Kwa hiyo unajinyima maji toka usiku, unapata kichwa, unatabasamu, unasema hapana asante sina kiu. Kila safari ya mjini kwangu inaanzia kwenye glasi ambayo sijainywa. Madaktari wanatuambia tunywe maji mengi kwa ajili ya kibofu na figo, nasi tunajua, ila daktari hatuambii tukakojoe wapi.

Nikarudi ndani nikamuomba yule kijana wa ofisini tuongee. Nilimwambia kwa heshima kwamba bawa la mlango likiachwa wazi na kile kizingiti kikiwekwa kabao, nusu ya tatizo limeisha bila shilingi. Akasema dada nakuelewa kabisa, ila unajua hili ni jengo la kihistoria, haliguswi.

Haliguswi. Juu ya kichwa chake kulikuwa na tundu la ukubwa wa papai ambalo limepitishwa bomba la kiyoyozi. Nje ukutani kuna dishi la king'amuzi limepigiliwa kwa boliti nne. Ngazi ya mwisho chini imezibwa kwa saruji ya juzi yenye alama ya ndala. Yaani jengo linaguswa na kila mtu isipokuwa gurudumu langu. Halafu nikikaa hapa Buzuruga huwa nasoma, sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, haya ya Mjerumani ya baadaye mpaka yatangazwe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 nayo ipo, inataka sehemu za umma tufike. Na hata liwe limetangazwa, rampu ya mbao haichimbi wala haipigiliwi, unailaza, ukiichoka unaiondoa, jengo linabaki vile vile. Kule Athens, Ugiriki, kwenye Akropoli, mahekalu ya zaidi ya miaka 2,400, waliweka lifti mwaka 2020. Nikamtolea yote hayo, sauti ikiwa chini kabisa maana dogo alikuwepo. Kijana akasema atalifikisha. Sina neno naye, ni mtoto mzuri, ila "nitalifikisha" ni ndugu yake "tutakubeba."

Mzee yeye hakusema kitu. Alisubiri kijana aondoke akaniambia, "Mayu, njoo uone nyuma."

Twende basi kwa baraza mpaka mwisho wake, na pale ndo nikaelewa nyumba ya mlimani. Mbele imeinuka kwa sababu kilima kinateremka kuelekea ziwani. Nyuma kilima kimeikaribia nyumba. Mlango wa jikoni, ule waliopitia wapishi na maboi wa zamani, kutoka ardhini ni ngazi mbili tu. Dogo akashuka na futikamba: 15 na 15. Thelathini mara 12, mita 3 na sentimita 60. Hiyo si rampu ya kufika kwenye mwembe, hiyo ni mbao za fundi mmoja, siku moja. Na gari linafika huko nyuma, kuna njia ya kuletea maji. Ila mlango wenyewe kwa ndani umezibwa na jenereta bovu, viti vilivyovunjika miguu na mabango ya uchaguzi sijui wa mwaka gani, na komeo lake ndo limeoza kuliko lile la mbele, na mafuta yangu yalikuwa yameisha.

Rafiki yangu mmoja, naye anatumia kiti, nilivyomsimulia alikasirika. Akasema mimi siingilii jikoni kama boi wa Mjerumani, waweke mbele kama wanavyoingia wengine. Namuelewa na huenda yeye ndo yuko sahihi. Mimi lakini nimeshabebwa mbele ya watu mara nyingi mno kama jeneza, nikipewa mlango wa jikoni ninaoingia kwa mikono yangu na kutoka ninapotaka, nipe ufunguo. Tulibishana mpaka chai ikapoa hatukukubaliana.

Kushuka tulishuka kwa mbele, kwa kubebwa. Safari hii mzee ndo aliamrisha, na wale vijana wakashika walipotakiwa kushika, haikuchukua hata dakika mbili. Nikamwambia wabeja, ndo asante yetu, akasema wabeja mayu, urudi.

Jumatatu nilimfuata fundi seremala wa hapa jirani nikamchorea kwenye karatasi ya kukatia sketi: kabari ya mbao, upana sentimita 90, urefu sentimita 96, kichwa kinapanda 8, iwe na kamba ya kubebea. Akaniuliza ni ya kitanda? Nikamwambia ya kizingiti. Akatengeneza kwa mabaki ya mbao za kitanda cha mteja mwingine, tukaelewana nimpunguzie suruali mbili na kushona zipu ya jaketi. Dogo akaipeleka Jumatano akitoka shule, pamoja na chupa ya mafuta. Mzee akaifunika kwa gunia nyuma ya mlango, akasema akija mtu anaitoa, wakubwa wakija anairudisha kwenye gunia.

Dogo amepata 14 kwa 20. Mwalimu kaandika kwa wino mwekundu "vipimo vizuri sana, historia iko wapi?" Ameudhika mtoto wa watu, nimemwambia tutakata rufaa.

Jana saa mbili usiku simu ikaita, namba siijui, kumbe ni mzee. Amepata namba yangu kwenye risiti niliyoifungia chupa. Anasema Alhamisi alikuja bibi mmoja na fimbo akapita kwenye kabari, wala hakuuliza ni nini. Anasema jenereta wameliuza kwa wanaonunua chuma chakavu. Viti bado. Halafu akanyamaza kidogo, nikadhani salio limekata.

"Mayu, yale mafuta ya cherehani yameisha. Na hili komeo la jikoni nimelianza."

Nimemwambia kesho dogo anakuja na mbili.